Riwaya ya distopia kuhusu mama: vigezo visivyofikika vijengwe vipi ili msomaji aamini?

mswada_wa_pili:

Habari za humu wakuu.

Nipo kwenye rasimu ya pili ya riwaya ya distopia, yaani ya dunia ya kubuni ambamo utawala umegeuka mateso, maneno kama 70,000. Nchi haitajwi, mji ni wa bandari. Kila anayejifungua anapewa Kadi ya Malezi yenye pointi 100. Afisa Malezi anapita nyumbani na kukata pointi. Ukishuka chini ya 60 mtoto anachukuliwa, na wewe unapelekwa chuo cha miezi 12 kufundwa upya, ambako unapimwa kwa mwanasesere wa roboti.

Wasomaji watano wa rasimu wamesema jambo lile lile: hawaogopi. Afisa anaonekana kama zimwi la hadithini, na wanajua tangu sura ya pili kwamba mama atashindwa kwa kuwa mwandishi ndivyo anavyotaka. Mmoja ameandika pembeni, "Kwa nini hakati rufaa?"

Naomba msaada kwa mambo matatu. Vigezo viweje ili kimoja kimoja kionekane cha haki, lakini vikikusanywa havitekelezeki? Bibi, mashangazi na baba niwaweke wapi? Nikiwatoa, hadithi haisomeki kama ya pwani. Nikiwaacha, wanamsaidia mama na hatari inayeyuka. Na yule mwanasesere, abaki?

kadi_ya_kliniki:

Dada, anza kwa kuzitupa hizo pointi 100. Pointi zinazokatwa na mtu zinampa msomaji mtu wa kumlaumu, na akishampata anatulia. Inayotisha ni namba ambayo hakuna aliyeikata.

Chukua kadi ya kliniki yenyewe, ile ambayo kila mama anaijua: mstari wa uzito, chanjo, mwezi kwa mwezi. Viwango vya ukuaji vinavyotumika sasa vilitolewa na Shirika la Afya Duniani mwaka 2006, baada ya kupima watoto waliolelewa katika mazingira mazuri kwenye nchi sita: Brazili, Ghana, India, Norwe, Omani na Marekani. Ni kazi safi. Lakini kwa hesabu ya viwango hivyo, katika watoto 1,000 wenye afya njema, takriban 23 wataangukia chini ya mstari wa -2, ule wa tahadhari ulio chini ya wastani. Hawaumwi. Ni wadogo tu, kama walivyo watu wazima wafupi. Kwa muuguzi, mstari ule unamwambia amwangalie mtoto kwa karibu. Wewe badilisha neno moja kwenye kanuni: "ataangaliwa" iwe "atawajibishwa". Tayari una mama 23 katika kila 1,000 walio na kesi, na hujabuni chochote.

Kutembea ni mfano mzuri zaidi. Watoto wenye afya huanza kutembea peke yao popote kati ya miezi 8 na karibu 18. Katikati ni kama miezi 12. Serikali yako ikiandika "atembee atimizapo mwaka", imeangusha karibu nusu ya watoto kwa mkupuo mmoja. Bunge zima litapiga makofi, maana nani asiyejua kwamba mtoto wa mwaka anatembea?

Halafu tumia orodha. "Mama walio nusu ya chini ya orodha ya wilaya wataitwa ofisini." Wajitahidi maradufu, nusu ya chini itakuwepo. Kila mwaka kiwango kinapanda, kila mwaka idadi ya wanaoitwa ni ile ile, na takwimu za wizara zinaonyesha malezi yanaimarika. Hapo hata afisa haelewi kwa nini kazi haipungui.

Na kuna kuzidisha. Weka vipimo 20, kila kimoja chepesi kiasi kwamba mama 95 katika 100 wanapita. Kanuni inasema upite vyote. Zidisha 0.95 kwa yenyewe mara 20, unapata 0.36 hivi. Mama 64 katika 100 wanaanguka mtihani ambao hauna swali gumu hata moja.

Mwisho, pima siku. Hili watu huliruka, nalo ndilo msomaji mama atalikagua kwanza. Mtoto mchanga hunyonya mara 8 hadi 12 kwa saa 24. Ukichukua mara 10 za nusu saa, siku ya kadi yako inakuwa hivi:

Kunyonyesha, mara 10: saa 5
Nepi, mara 10 za dakika 10: saa 1 dakika 40
Kumlaza, mara 6 za dakika 20: saa 2
Mazungumzo ya macho kwa macho: saa 3
Kuogesha na kupaka mafuta: dakika 40
Kufua: saa 1 dakika 30
Kupika na kuosha vyombo: saa 3
Maji: dakika 40
Kujaza taarifa, matukio 26 kwa dakika 5: saa 2 dakika 10
Usingizi wa lazima wa mama: saa 7

Jumla saa 26 na dakika 40, na hapo hana ajira wala hajapanda daladala. Angalia mstari wa taarifa. Ukiutoa, bado siku ina saa 24 na nusu. Ndiyo maana mama atapunguza kwenye usingizi, na usingizi nao una kigezo chake.

hesabu_kidogo:

Mkuu hapo juu, 0.36 ni sahihi tu kama vipimo havihusiani. Katika maisha vinahusiana. Aliyeanguka kwenye uzito ataanguka pia kwenye ratiba ya mlo na kwenye mazungumzo, kwa kuwa sababu ni moja: hela hakuna, au muda hakuna. Kwa hiyo watakaopita vyote watakuwa zaidi ya 36, na watakaoanguka wataanguka vitano au sita kwa pamoja, tena wakitoka mitaa ile ile.

Kwa riwaya hii ni bora kuliko hesabu ya mwanzo. Mama anaingia ukumbi wa walioitwa akidhani atakutana na wazembe wa nchi nzima, anakuta nusu ya foleni ya bomba la mtaani kwao.

rejista_ya_pili:

Msomaji wako wa rufaa ana haki ya kuuliza, na jibu baya kuliko yote ni kuandika kwamba rufaa imepigwa marufuku. Iruhusu. Iwe bure, fomu ya ukurasa mmoja, dirisha linafunguliwa saa mbili asubuhi. Mfumo uue kwa kuchelewesha.

Marekani, sheria ya mwaka 1997 inaitaka serikali ya jimbo, isipokuwa kwa sababu chache zilizotajwa, ifungue shauri la kumwondolea mzazi haki zake mtoto akishakaa kwenye malezi nje ya nyumbani kwao miezi 15 katika 22 ya karibuni. Nia yake inaeleweka: watoto wasizeekee kwenye nyumba za muda. Sasa fikiria saa mbili zinazokwenda sambamba. Rufaa yako inasikilizwa ndani ya siku 180. Saa ya mtoto inaisha siku ya 150. Hakuna mtu mbaya popote. Siku ya 180 jaji anamkuta mtoto ameshazoea nyumba nyingine, na kumrudisha kunakuwa "kinyume cha maslahi ya mtoto". Kucheleweshwa kwa mama kumegeuka ushahidi dhidi yake.

Kuna kesi dhidi ya Norwe iliyoamuliwa na chumba kikuu cha Mahakama ya Haki za Binadamu ya Ulaya Septemba 2019. Moja ya hoja ilikuwa kwamba mama alipewa nafasi chache mno za kumwona mtoto, tena chini ya usimamizi, kiasi kwamba mikutano hiyo haikuweza kutoa ushahidi wa kutosha kuhusu uwezo wake wa kulea. Mpe mama yako mikutano minne kwa mwaka, saa moja moja, chumbani, na mtu ameshika kalamu kwenye kona. Mtoto akimkimbia, imeandikwa. Akimng'ang'ania wakati wa kuagana, imeandikwa pia.

Kuhusu namba isiyo na mkataji: kaunti ya Allegheny, Pennsylvania, ambako upo mji wa Pittsburgh, tangu Agosti 2016 inatumia programu inayompa afisa alama kati ya 1 na 20 pale mtu anapopiga simu kuripoti familia. Inatumia kumbukumbu za huduma za umma. Lawama kubwa ya wakosoaji ni kwamba aliyetibiwa kwa fedha zake hana kumbukumbu humo, ila aliyeomba msaada wa serikali anazo tele. Kwenye kadi yako basi, kila mara mama anapoomba kitu halali (unga wa lishe, ushauri, nafasi ya mtoto kulelewa mchana) kiandikwe kama tukio. Asiyeomba kitu ana kadi nyeupe.

Uholanzi nako, kashfa ya posho za malezi ilifikia serikali kujiuzulu Januari 2021. Familia zaidi ya 20,000 zilituhumiwa kimakosa kwa udanganyifu. Utaratibu ulikuwa wa yote au hakuna: saini moja iliyokosekana au mchango mdogo usiolipwa ulitosha mtu kudaiwa posho ya mwaka mzima. Hiyo "yote au hakuna" iingize. Kukata pointi moja moja ni huruma ambayo mifumo halisi haina.

mswada_wa_pili:

Nimezifuta pointi 100 na nimeanza kuchora zile saa mbili, ya rufaa na ya mtoto. Bado nimekwama kwa bibi. Akiwepo nyumbani, zile saa 26 zinagawanyika kwa watu watatu na kila kitu kinawezekana.

mkono_mmoja:

Usimtoe bibi. Fanya msaada wake uhesabiwe kama upungufu wa mama.

Kigezo ni hiki: "Mtoto awe na mlezi mkuu mmoja." Kina sura ya kisayansi, na historia yake inaanzia jirani. Mary Ainsworth, mwanasaikolojia, alikaa Uganda mwaka 1954 na 1955 akiwatembelea nyumbani Waganda, akifuatilia watoto 28 na mama zao. Baadaye, Baltimore, Marekani, alitengeneza kipimo cha chumbani: vipande vinane, vingi vya dakika tatu hivi, kwa mtoto wa mwaka mmoja au zaidi kidogo. Mama na mtoto wanaingia, mgeni anaingia, mama anatoka, anarudi, anatoka tena, mtoto anabaki peke yake, mgeni anarudi, kisha mama. Kinachoangaliwa zaidi ni mtoto anavyompokea mama anaporudi. Kilibuniwa kwa utafiti. Hakikubuniwa kumhukumu mama mmoja mmoja, na hapo ndipo riwaya yako inapoingilia.

Kipimo hicho kilipopelekwa kwingine, matokeo yalicheza. Bielefeld, Ujerumani, karibu nusu ya watoto walionekana wanamkwepa mama. Sapporo, Japani, hakukuwa na hata mmoja wa kundi hilo, lakini wengi walilia wasinyamazike, maana walikuwa hawajazoea kuachwa chumbani peke yao. Sasa mlete mtoto aliyekulia ua wa pwani wenye bibi, shangazi wawili, dada wa kazi na watoto wa jirani. Amezoea kupokewa na mikono mingi, mama akitoka anamgeukia mgeni na kucheza. Kadi: "Mtoto hana mfungamano na mama." Mwenzake hajawahi kukaa chumba kitupu hata siku moja, analia hadi anatapika. Kadi: "Mfungamano wenye wasiwasi." Watoto wawili wazima kabisa, mama wawili wameanguka.

Denmark ilikuwa ikitumia vipimo vya uwezo wa mzazi kwa familia za Greenland pia, na malalamiko yalikuwa hayo hayo: lugha si yao, na hata namna ya kusoma uso wa mtu si yao. Sheria ya kuviondoa kwa familia hizo ilianza Mei 1, 2025. Ukitaka sura ambayo mama anashindwa kwa sababu ya nyusi, usidhani umetia chumvi.

Arobaini usiisahau. Siku 40 mama yuko ndani, anakandwa maji ya moto, anakunywa uji wa pilipili manga, na mtoto anaoshwa na mkono wa mkubwa. Kadi inaanza siku ya 1. Ikifika siku ya 40 mama ameoga, amelala, amepona, na ana siku 40 za "mama hakushiriki". Akiikataa arobaini ili kadi ijae, bibi atanuna, na mwili utadai.

Baba naye apewe fomu. Yake iwe na swali moja: "Je, baba amehudhuria?" Akitia tiki, amepita.

mhariri_wa_usiku:

Nitasema ya lugha, maana mengine yamesemwa vizuri.

Afisa wako abadilike kuwa mtu wa kawaida. Ana nyumba tisa kwa siku, dakika 25 kila moja, na simu yake inampima na yeye. Analeta sabuni. Anamjua mtoto kwa jina. Ukatili uuhamishie kwenye ripoti, na ripoti iandikwe kwa Kiswahili cha ofisini kisicho na hasira:

"Mama alimfikia mtoto sekunde 40 baada ya kilio kuanza. Kiwango ni sekunde 30. Mama alieleza kuwa alikuwa anaepua sufuria. Mama ana mwelekeo wa kujitetea."

Ziara inayofuata:

"Mama alimfikia mtoto sekunde 38 baada ya kilio kuanza. Mama hakutoa maelezo. Mama haonyeshi ushirikiano."

Usiongeze sentensi ya kumweleza msomaji kwamba huu ni mtego. Ukiieleza umeiua.

Kaulimbiu za serikali zichukue kwenye methali, zinajifanya zenyewe. "Asiyefunzwa na mamaye hufunzwa na ulimwengu" ibandikwe mlangoni kwa Afisa Malezi bila kubadilishwa herufi. Lawama tayari imo ndani. "Mkono mmoja haulei mwana" ndiyo itakuwa imefutwa kwenye vitabu vya shule. Onyesha khanga ya zamani yenye maneno hayo ikigeuzwa kuwa kitambaa cha kushikia sufuria. Aya moja, usirudie.

Umri wa mtoto ukague upya. Kwenye kipande ulichobandika mwezi jana mtoto ana miezi 11 na anasema "Mama usiende". Hapana. Mwaka mmoja ni neno moja mawili kwa bahati. Kuunganisha maneno huja kuelekea miaka miwili. Miezi 11 atashika gauni, atalia, atapunga mkono. Na tatizo si uhalisia peke yake: mtoto anayesema maneno ya kuliza anageuka kipaza sauti cha mwandishi.

Mwanasesere ningemwondoa. Kwanza kifaa hicho kimeshatumika kwenye riwaya inayojulikana, watakulinganisha ukurasa kwa ukurasa. Pili, dunia yenyewe imekutangulia: Australia Magharibi walijaribu wanasesere wa kulia kwa wasichana wa miaka 13 hadi 15 katika shule 57 ili kuwaepusha na mimba, na matokeo yaliyochapishwa mwaka 2016 yakaonyesha waliopewa mwanasesere walipata mimba zaidi ya wasiopewa. Ukimbakiza, abaki kwa hilo: mashine ambayo wizara inajua haifanyi kazi, na mkataba wa kuinunua una miaka mitano mbele.

rejista_ya_pili:

Niongeze mgongano mmoja ambao hauhitaji kubuniwa. Ushauri wa afya ni maziwa ya mama pekee miezi sita. Sheria ya kazi ya Tanzania ya mwaka 2004 inatoa likizo ya uzazi siku 84 kwa mtoto mmoja, halafu saa zisizozidi mbili kwa siku za kunyonyesha wakati wa kazi. Kati ya siku ya 84 na miezi sita kuna zaidi ya miezi mitatu. Kwenye riwaya, Wizara ya Malezi inasimamia miezi sita na Wizara ya Kazi inasimamia siku 84, na kila moja ina mkaguzi wake. Wakaguzi hao wakutane mlangoni kwa mama siku moja, wasalimiane vizuri.

saa_ya_mwambao:

Naona hamjagusa saa, na ni kosa ambalo lingetokea kweli.

Kadi inajazwa kwenye simu: "Jaza saa ya mlo." Programu imetengenezwa kuhesabu kutoka usiku wa manane. Mama anahesabu kama tunavyohesabu sisi. Uji wa saa moja asubuhi anaandika 1:00. Mashine inasoma saa saba za usiku. Mlo wa saa sita mchana unasomeka alfajiri, saa 6:00. Mtoto ambaye hajawahi kukosa mlo anaonekana anakula kuanzia usiku wa manane mpaka adhuhuri ya mashine, kisha anashinda na njaa nusu ya siku.

Mbaya zaidi ni marudio. Saa 1:00 ya asubuhi na saa 1:00 ya jioni zinaingia kama tukio moja. Mashine inafuta la pili kwa maelezo "taarifa rudufu". Milo ya usiku yote inapotea, na waliojaza kwa uaminifu zaidi ndio wanaofutiwa zaidi.

mswada_wa_pili:

Hii naichukua nzima mkuu. Swali: si wangegundua ndani ya wiki?

saa_ya_mwambao:

Wangegundua wale wanaoishi kwa saa za ofisi, wa ghorofani, wanaoandika 07:00 bila kufikiri. Kadi zao ziko sawa, kwa hiyo programu "inafanya kazi". Wa mtaani wataambiwa fomu ilikuwa wazi. Ukitaka marekebisho yaje, yaje sura ya 20, na yaanzie siku ya tangazo kwenda mbele. Taarifa za nyuma zibaki zilivyo.

Na ukiandika sura hiyo, ndani ya kichwa cha mama tumia saa zetu tu, kwenye ripoti tumia za mashine tu. Usimtafsirie msomaji. Atahesabu mwenyewe kwa vidole.